Kamba ya Atupele

Tangu injini zipigwe marufuku, tunavuka bonde kwa ndege za upepo, na sheria inasema kamba ya kuivuta ndege ipae ifungwe na mtu wa nyumba yako tu.

"Bibi, harakisha, upepo huo!" alisema mjukuu wangu Atupele, anayekwenda kuanza ualimu ng'ambo ya bonde. "Na Jumamosi uje, nikupikie!"

"Tulia, mwalimu. Jaribu kuachia!"

Pete inayoshika kamba puani mwa ndege ikafyatuka vizuri. Nikaifunga kamba upya, nikaivuta mara mbili, nikapunga kitambaa. Wenzetu pale ukingoni wakaachia jiwe zito lililofungwa ncha ya pili ya kamba, likaporomoka korongoni, kamba ikakaza, huyoo, juu! Kule juu akaiachia kamba salama.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kisha nikaitazama ndege yangu bandani. Jumamosi nani atanifungia? Nyumbani nimebaki peke yangu.