Mwinjilisti Aliyeishiwa Maneno

Siku ya saba hospitalini, mke wake Eliwaza alikuwa bado hajafumbua macho. Mwinjilisti Zefania, ambaye watu walijazana hadi madirishani mwa kanisa kusikiliza sala zake, alikuwa amemwomba Mungu kwa sauti kuu wiki nzima, akimhimiza kama fundi aliyechelewesha kazi. Mchana huo sauti ilimkauka. Akavua viatu, akapiga magoti kando ya kitanda, akalaza paji la uso kwenye saruji.

"Bwana," alinong'ona, "Eliwaza ni wako. Alikuwa wako kabla sijamjua. Fanya upendavyo."

Hofu ikamtoka. Chumba kikajaa utulivu mzito hata akaogopa kupumua. Mama aliyekuwa akipiga deki alisimama mlangoni, akavua ndala zake.

"Baba mwinjilisti," aliuliza polepole, "humu ndani uko na nani?"

Mkono wa mke wake ulishuka kutoka kitandani, ukatua juu ya kichwa cha Zefania. Hakuinua uso kutazama kama alikuwa ameamka au mkono umeteleza tu. Alibaki pale chini akilia, na mkono ule ulikuwa na joto.