Mbwa Aliyefundishwa Hodi

Juu ya banda la kuku, jamani! Mzee Ngwale mzima, suruali ya suti imechanika makalioni, na mbwa wake mwenyewe anamngoja chini!

Si alijifanya fundi wa mbwa? Kila mgeni akipiga hodi, alimtandika mbwa fimbo, eti amchukie mgeni. Akili gani hizo! Mbwa alichojifunza ni kwamba ikisikika hodi, huyu mzee anapiga. Basi leo washenga wamekuja kumposa binti yake, Tusa. Mzee kamfungua mbwa kwa majivuno, eti wageni waone ukali wake, hodi ikapigwa, mbwa akamrukia yeye.

"Mama Tusa, mwite basi!" alimnong'oneza mkewe, maana ndiye anayemlisha mbwa, na mbwa humsikiliza.

"Mimi tena, Baba Tusa? Si ulisema namdekeza?"

"Hodi wenyewe!" washenga wakarudia. Mbwa akaruka, bati likalia.

Hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, washenga wanaondoka na posa yao. Akisema karibu, wanaingia kumwona alivyo. Na huko nje mtu anakohoa kusafisha koo, apige ya tatu.

Kesho nawamalizia, leo mbavu zinaniuma.