Alama Kwenye Udongo Mwekundu

"Nje!" mwamuzi alitangaza, na hoteli nzima pale Isiolo mjini ikalipuka kwa hasira.

Lokuruka aliruka kutoka kitini, chai ikamwagikia suruali yake. Kwenye runinga, moja kwa moja kutoka Nairobi, binti yake alikuwa akicheza tenisi katika uwanja wa udongo mwekundu. Mpira ule ukihesabiwa nje, basi mechi imekwisha na ameshindwa.

Mwamuzi alishuka kutoka kiti chake kirefu kukagua alama ambayo mpira uliacha udongoni. Akainama, akaonyesha kwa kidole.

"Si hiyo!" Lokuruka alinguruma. Maisha yake yote alikuwa akifuata nyayo za mbuzi huko Kipsing. Alama aliyoonyesha mwamuzi ilikuwa imefifia, kingo zake zimeliwa na upepo. Ile mpya ilikuwa pembeni, imekolea, imegusa kabisa mstari mweupe; mpira ulikuwa ndani. "Huyu mtu ni kipofu? Hiyo ni ya kitambo!"

"Mwizi!" watu waliitikia, wakigonga meza.

Binti aliitazama ile alama mpya. Lokuruka alijua ameiona, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti kusoma nyayo. Binti akafungua mdomo.

"Sema!" baba alipiga kelele. "Bishana naye!"

Binti akafunga mdomo, akainamisha kichwa, akaenda kumpa mwamuzi mkono. Nyumbani pia aliinamisha kichwa hivyo hivyo, tangu siku Lokuruka alipomchapa kwa kumbishia mzee mmoja.

"Mzee," mama mwenye hoteli alimwambia kwa upole, "huyu msichana wako ako na heshima. Ulimlea vizuri."

Lokuruka aligeuka, ngumi imekunjwa, akakosa wa kumpiga.