Mtani Msibani

Chiku Pazi alifika msibani akiwa amejiandaa kumtukana marehemu Mihambo. Yeye Mzaramo, Mihambo Mnyamwezi. Walikuwa wametaniana miaka thelathini, na siku ya mazishi ndiyo siku ya mtani.

"Mihambo, mvivu mkubwa wee! Hata kufa umefia kitandani!" akapaza sauti mlangoni.

Lakini kidani cha shingoni, ambacho sheria ilimtaka kila mtu akivae ili kimsemee yanayofaa, kiliyameza maneno hayo na kutoa mengine kwa sauti yake ile ile: "Poleni sana kwa msiba huu mzito."

Akajaribu tena. "Poleni sana." Kidani kilikumbuka misiba yote ya nchi nzima, na kote huko watu wengi walisema pole, basi. Chiku alikivuta mpaka shingo ikamuuma.

Mjane, Nyamizi, alikuwa mkekani. "Ahsante kwa kufika," kikasema kidani chake, ila macho yake yalikuwa yakimsihi Chiku: mtani, fanya kazi yako!

Hasira zikampanda Chiku. Akaingia chumbani, akatoka amevaa koti la Mihambo na kofia yake ya pama, akapita sebuleni kwa mwendo ule ule wa marehemu, tumbo mbele, akijikuna mgongo kwa bakora.

Mabega ya Nyamizi yakaanza kutikisika. Akarusha kichwa nyuma, meno yote nje, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Kidani chake kikakimeza kicheko hicho na kutoa kilio kirefu cha kuchoma moyo. Kina mama waliokuwa uani wakaja mbio, wakamkumbatia, wakamfunika uso kwa khanga.