Mvua Yenye Adabu

Redempta alibonyeza kitufe, na kompyuta ikachora mstari wa kukadiria maji ya mfereji wa Kirua Vunjo kutokana na mvua. Vipimo vyote vya mvua na maji alitajiwa na baba yake kwa simu, kila asubuhi, kwa miaka sita. Kesho zamu za maji zingegawanywa kwa mstari huo.

Nukta za vipimo vya zamani zilitawanyika. Za mwaka huu zililala juu ya mstari kama shanga uzini. Mvua haina adabu hiyo. Namba hizi zilitungwa!

Alimgeukia kwa hasira baba yake, aliyeketi mezani kando yake. Vidole vya baba vilikuwa vikipapasa meza, vikitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Redempta akazima kioo cha kompyuta.

“Baba, unauona mstari?”

Mzee akakikodolea macho kile kioo cheusi, akatabasamu.

“Nauona, mama. Umenyooka vizuri.”