Moyo wa Mama, Mtihani wa Sikudhani

Siku hizo kuta za nyumba zilisikiliza. Mtu akitajiwa ugonjwa usiopona, gari jeupe lilikuja kumchukua, wala hakurudi. Ndiyo maana Sikudhani, mwanafunzi wa uuguzi, hakuthubutu kusoma kwa sauti nyumbani. Alibonyeza mguu wa mama yake, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa.

"Umesimama sana jikoni, mama."

"Mwongo wewe! Nesi gani anaogopa kutaja ugonjwa?" Mama alicheka huku akihema. "Nimekisoma kitabu chako. Maji yanajaa miguuni kwa sababu moyo umeshindwa kazi. Nimekosea?"

Sikudhani alimziba mdomo kwa kiganja, akiwa amechelewa.

"Ni sahihi," ukuta ulijibu kwa upole.

Mama akakiondoa kile kiganja taratibu, akaomba aletewe khanga yake ya kutokea.