Kamera Tumboni mwa Kulthumu

Tangu asubuhi Kulthumu alikuwa amemeza kamera ndogo kama punje ya harage, na kifaa cha kupokea picha kilifungwa kiunoni mwake kwa mkanda. Miezi miwili alikuwa akitokwa na damu kila aendapo chooni, na hakuna aliyejua sababu. Mumewe, Mshindo, alisimama nyuma ya kiti chake, mkono begani.

Daktari aliikuza picha moja kwenye skrini. “Dada, hivi vinavyong'aa ni vipande vya chupa iliyopondwa. Nani anakupikia?”

Kulthumu akahisi ule mkono ukimbana. Kila alfajiri Mshindo mwenyewe ndiye aliyempikia uji, akisema anamwonea huruma.

“Muongo daktari huyu!” Mshindo akafoka. Akaipiga skrini teke ikapasuka, akamkaba mkewe koo huku akiuvuta ule mkanda aukate. Kulthumu alipoona giza linamjia, alipapasa mezani, akakamata mkasi, akamchoma nao pajani mara mbili. Mshindo akaanguka akipiga yowe, na walinzi wa hospitali wakamkalia.

Daktari akamshika Kulthumu mikono. “Tulia, dada. Kamera haili umeme mwingi, itaendelea kupiga picha hadi jioni. Ushahidi haupotei.”

Kulthumu hakuwa akimsikiliza. “Leo nilifunga kwa ajili ya kipimo,” akasema. “Uji wangu nimemwachia binti yangu.”

Akatoka mbio pekupeku, akiwaparamia watu waliopanga foleni, damu ya mumewe ikimchuruzika vidoleni.